Muulize Mjomba Rubani: Upepo wa ubavuni

Kusi imeingia, na kila ikiingia mfuko wangu wa barua nao unajaa upepo. Safari hii nimechagua barua tano, zote za jambo moja, maana naona watu wameamka na upepo wa ubavuni. Kwa asiyenijua: mimi ni mtoto wa Ngamiani, Barabara ya 12. Nimerusha ndege ndogo za injini moja miaka 27, sasa nimestaafu, na chombo pekee ninachoendesha ni baiskeli. Ninaposema noti hapa, simaanishi noti za benki, hizo sina. Noti 1 ni mwendo wa kilomita 1.852 kwa saa. Tuendelee.

*Shikamoo mjomba. Majuzi nilikwenda Unguja kwa ndege ndogo, nikapewa kiti cha mbele, ubavuni mwa rubani. Ndege inakimbia nikaona kaukata usukani wote kushoto, lakini ndege inakwenda mbele kama kawaida. Tulivyopaa tu, pua ikageukia kushoto, tukawa tunakwenda upande upande kama kaa. Niliogopa kumuuliza. Alikuwa anajua anachofanya?*
*Mama wa watoto wawili, Chumbageni*

Marahaba mwanangu. Alijua, tena ungemwona hafanyi hivyo ndiyo ungepaswa kuogopa.

Kwanza ujue kwamba usukani ule wa mikononi si kama wa daladala. Ndege ikiwa chini inaongozwa kwa miguu. Kuna pedali mbili sakafuni, zinageuza gurudumu la mbele na pia usukani wa mkiani. Ule wa mikononi, ukiukata kushoto au kulia, unachezesha eleroni, vile vipande vinavyopanda na kushuka kwenye ukingo wa nyuma wa bawa, karibu na ncha. Siku ile upepo ulikuwa unatoka kushoto kwenu. Upepo wa namna hiyo unapenda kuingia chini ya bawa la upande wake na kulinyanyua. Rubani anaukata usukani kuelekea huko upepo unakotoka ili eleroni ilikandamize bawa hilo, litulie. Ndege ikiwa imesimama eleroni haina nguvu, kwa hiyo anaanza na usukani wote hadi mwisho, halafu kadiri mwendo unavyoongezeka anaurudisha taratibu. Ungemtazama vizuri ungeona mkono wake haukukaa mahali pamoja.

Miguu yake nayo ilikuwa na kazi ambayo hukuiona. Umewahi kumwona kijana wa hapa Tanga kafunga godoro nyuma ya baiskeli, anapita barabara ya Raskazone upepo ukitoka baharini? Upepo unalisukuma godoro, yaani nyuma ya baiskeli, na gurudumu la mbele linageukia kule kule unakotoka upepo. Mkia wa ndege ndilo godoro lenyewe. Bapa lile lililosimama nyuma linasukumwa, na pua inageuka kuutazama upepo. Upepo ukitoka kushoto, pua inataka kwenda kushoto, basi rubani anakanyaga pedali ya kulia kuizuia. Mikono kushoto, mguu wa kulia. Ndiyo maana ukaona usukani umekwenda kombo na ndege imenyooka.

Kuhusu kwenda kama kaa, nenda Pangani ukatazame mtumbwi ukivuka mto kwenda Bweni maji yakiwa yanakwenda kasi. Mpiga kasia haelekezi mtumbwi pale anapotaka kufika, anauelekeza juu kidogo, dhidi ya maji, na mto unamleta hadi pale pale alipopataka. Ndege ikishaacha ardhi iko ndani ya mto wa upepo. Pua ikiwa imenyooka na njia, upepo utaipeleka kando. Akiigeuza pua kidogo kwenye upepo, ndege inakwenda juu ya mstari wa njia ya kurukia, sawasawa. Mabawa yalikuwa yamelala sawa, sivyo? Basi ilikuwa kazi safi.

*Salaam rubani. Nimekula chumvi miaka 40. Jahazi likipata upepo wa ubavuni ndiyo raha yake, linakwenda kuliko hata na upepo wa tezi, wa nyuma. Nyie wa ndege nasikia mnaukimbia. Kwani bawa si tanga tu lililolazwa?*
*Nahodha, Kigombe*

Shikamoo nahodha. Swali hili nimeulizwa na watu wengi wenye vyeti, hakuna aliyeliweka vizuri kama wewe. Mjomba wangu mzaa… sijui niseme nini, kaka wa mama, alikuwa akipeleka boriti Pemba kwa mashua yake, na siku ya kwanza nilipomwambia kwamba rubani hutafuta upepo wa omo, yaani upepo wa mbele usoni kabisa, alicheka mpaka akashika mlingoti. Kwake yeye upepo wa omo ulikuwa ni mkosi: ubishe huku, ubishe kule, siku nzima unaiona Pemba na huifiki.

Umesema kweli, bawa ni tanga lililolazwa. Vyote viwili vinafanya kazi moja, kuupinda upepo, na upepo unapopindwa unalipiza kwa kusukuma. Tofauti ni kwamba jahazi lina watu wawili wanaolivuta: tanga liko kwenye upepo, na mkuku, ule uti wa chini ya chombo, uko kwenye maji. Upepo wa ubavuni unataka kukupeleka demani, kule upepo unakokwenda, mkuku unakataa, na kwenye ule ubishi wao jahazi halina pa kwenda ila mbele. Ondoa mkuku, weka tanga kubwa utakalo, utasukumwa kando kama kifuu cha nazi.

Ndege ikiwa chini ina mkuku. Mkuku wake ni magurudumu. Mpira uliobanwa kwenye lami na uzito wa ndege haukubali kwenda kando. Lakini fikiria kinachotokea inapokimbia. Mabawa yanaanza kuubeba uzito, kidogo kidogo. Mwendo ukifika nusu ya ule wa kupaa, mabawa yanaweza kuwa yamebeba kama robo ya uzito. Ukikaribia wote, magurudumu yanagusa ardhi kwa heshima tu. Ni kama vile, nahodha, uko mlangoni mwa bandari, upepo wa ubavuni umeshika, na mtu anauvuta mkuku wako juu utoke majini taratibu huku wewe unaendelea kusafiri. Kisha kwa nukta moja mkuku haupo tena. Kuanzia hapo ndege haina maji chini, ina upepo pande zote, na inakwenda na upepo kama ulivyo.

Kipande hicho, kati ya mkuku unaofifia na mkuku uliokwisha, ndicho kinachovunja miguu ya ndege. Huko juu upepo wa ubavuni si kitu, ni hesabu ya safari tu.

Na kwa nini tunautaka upepo wa omo? Kwa sababu bawa haliijui ardhi. Bawa linajua hewa inayolipita. Ndege inayohitaji hewa ya noti 55 ili inyanyuke, ikielekezwa kwenye upepo wa noti 10, inanyanyuka ikiwa inakimbia noti 45 tu juu ya lami. Noti 10 umepewa bure kabla hujaachia breki. Upepo ukitoka ubavuni kabisa haukupi hata moja. Unavuma noti 10 zile zile, soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo uwanjani, imejaa, nywele za watu zinaruka, na bawa halipati kitu. Gharama yake inabaki, faida hakuna. Wewe goshini, upande unakotoka upepo, unaweka watu wakalie ubavu jahazi lisilale, sisi tunaweka eleroni.

*Mjomba shikamoo. Kwetu Maweni, nasomea urubani Dar. Kitabu cha Cessna 172 kwenye jedwali la umbali wa kuruka kina maelezo ya upepo wa mbele na wa nyuma. Wa ubavuni hamna. Mwenzangu anasema maana yake hauongezi umbali, unasumbua uelekeo tu. Halafu zile noti 15 za upepo wa ubavuni zilizoandikwa kitabuni ni sheria au vipi?*
*Mwanafunzi*

Marahaba. Mwenzako kasoma kilichoandikwa akadhani kisichoandikwa hakipo. Hapa nitakaa kidogo, wengine wanaosoma mniwie radhi.

Anza na hesabu. Chukua njia yoyote yenye namba 09, yaani inaelekea nyuzi 90, mashariki. Kusi inatoka nyuzi 150 kwa noti 16. Tofauti ni nyuzi 60. Ukiugawa upepo huo, sehemu ya mbele ni nusu, noti 8. Sehemu ya ubavuni ni karibu noti 14. Ukiwa huna kikokotoo, tumia uso wa saa, kila nyuzi ichukulie kama dakika: nyuzi 15 ni robo ya upepo, nyuzi 30 nusu, nyuzi 45 robo tatu, nyuzi 60 na zaidi hesabu wote. Utakosea kidogo, lakini utakosea upande wa usalama.

Kitabu cha Cessna 172 kinakuruhusu upunguze umbali kwa asilimia 10 kwa kila noti 9 za upepo wa mbele. Upepo wa nyuma unaongeza asilimia 10 kwa kila noti 2. Rudia kusoma: 9 kwa kupunguza, 2 kwa kuongeza. Mwandishi wa kitabu ni bahili wa kutoa na mwepesi wa kudai, na ana sababu. Cessna 172S iliyojaa, usawa wa bahari, joto nyuzi 30, inahitaji kama mita 325 za kukimbia kabla ya kunyanyuka. Kwa zile noti 8 unapunguza karibu asilimia 9, unabaki na mita 295. Vizuri. Sasa kusi igeuke kidogo, itoke nyuzi 190 badala ya 150, jambo ambalo hutokea wewe ukiwa bado unafunga mkanda. Sehemu ya mbele imekufa, na una karibu noti 3 za nyuma. Mita 325 zinakuwa 370. Soksi ya upepo imehama kidogo tu, na umepoteza mita 75. Upepo wa ubavuni una tabia hii: uko mpakani, hujui lini utahamia nyuma yako.

Hiyo ni sehemu ambayo jedwali linaijua. Ipo ambayo haliijui. Eleroni uliyoikata inaburuta hewa. Usukani wa mkiani uliougeuza unaburuta hewa. Mpira unaosukumwa kando unakwaruza lami. Kila kimoja ni kidogo, vyote pamoja vinakula mwendo wako. Lakini mlaji mkubwa ni wewe mwenyewe, kwa sababu kwenye upepo wa ubavuni tunafundishwa kuiacha ndege chini kidogo zaidi ili ikinyanyuka inyanyuke moja kwa moja, isirudi. Kama kawaida unainua pua kwenye noti 55, siku hiyo utangoja labda 60. Unaona noti 5 ni kidogo? Umbali hauongezeki kwa hesabu ya mwendo, unaongezeka kwa mraba wa mwendo. Gawa 60 kwa 55, zidisha jibu kwa lenyewe, utapata 1.19. Asilimia 19. Kama upepo uko ubavuni kabisa, nyuzi 90, hupunguziwi hata mita moja, na zile 325 zimefika karibu 387. Kwenye nyasi kavu kitabu kinaongeza asilimia 15 ya umbali wa kukimbia. Mwambie mwenzako aje na kalamu.

Tena usijaribu kuibana pua chini kwa nguvu ili ndege isinyanyuke. Ukifanya hivyo uzito unahamia gurudumu la mbele, yale ya nyuma yanaelea, na ndege inakuwa toroli. Iache iende, pua nyepesi, halafu inua kwa uhakika.

Jambo jingine ambalo kitabu hakilitaji kwenye jedwali: kushoto si sawa na kulia. Ndege zetu nyingi za injini moja, panga linazunguka kwa mwelekeo wa saa ukilitazama kutoka kitini. Ukiongeza moto, ndege inavutwa kushoto yenyewe, hata siku isiyo na upepo. Upepo wa kushoto nao unaigeuza pua kushoto. Wamekutana wawili wa nia moja, na mguu wako wa kulia ndio unaowalipa wote. Upepo wa kulia unapingana na injini, wanaoneana haya. Kwa hiyo noti 12 za kushoto si noti 12 za kulia. Ukipewa uchaguzi wa njia mbili zinazolingana, jua la kuchagua.

Sasa zile noti 15. Kitabu hakisemi mwisho, kinasema kilichoonyeshwa. Rubani wa majaribio wa kiwanda alipata siku yenye upepo huo, akaruka, akatua, ikaandikwa. Kanuni za Marekani zilidai ndege iweze kuhimili ubavuni angalau asilimia 20 ya mwendo wake wa chini kabisa wa kushikiliwa na hewa flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zikiwa chini. Kwa 172 hiyo ni kama noti 10, na walionyesha 15. Cessna 152 ni 12. Caravan, zile zinazobeba abiria hapa Tanga, ni 20. Kwa maana ya kitabu si sheria. Lakini mwenye ndege akisema kwake ni sheria, ni sheria, na mwalimu wako akikwambia wewe mwisho wako ni 8, mwisho wako ni 8. Na ukisikia mnarani noti 16 zinazopandisha hadi 22, hesabu kwa 22. Kwa pembe ile ya nyuzi 60 hiyo ni 19 ubavuni. Dhoruba ndogo ya nukta tatu ndiyo itakayokukuta magurudumu yakiwa yanaelea, sio wastani.

Nikwambie yaliyonipata. Mwaka wangu wa 3 kazini nilipeleka kipuri cha korona, ile mashine ya kuchakatia mkonge, kwenye shamba moja la mkonge, mashine ikiwa imesimama na vibarua wamekaa. Ndege ilikuwa Cessna 206. Njia ilikuwa ya nyasi, imekatwa katikati ya mistari ya mkonge, upana wa kutosha kama huna wasiwasi. Nikashusha mzigo, nikanywa chai, nikaondoka mtupu. Kusi kutoka kushoto. Nilianza vizuri, usukani wote kushoto, mguu wa kulia. Ndege tupu, injini kubwa, ikakimbia kama mbuzi. Mimi nikainamisha macho kutazama kipima mwendo, na mkono, bila kuniaga, ukarudi katikati. Mkono huwa unapenda katikati. Bawa la kushoto likapanda. Halikupanda sana, kiasi cha mtu kuinua bega. Ndege ikaruka kidogo, kama ngoma imepigwa chini yake, ikasogea kulia hewani, kisha ikarudi chini ikiwa inakwenda upande. Nilisikia mpira wa kulia ukichuna nyasi, na sauti nyingine, kavu, taka taka taka. Nikarudisha usukani kushoto, mwendo ulikuwa unatosha, nikainua pua. Ikapaa.

Nilipotua Tanga fundi aliinama chini ya bawa la kulia akakaa huko muda mrefu. Akaomba koleo. Akarudi na ncha ya jani la mkonge, ule mwiba mweusi wa mwisho, urefu wa kidole, umechomekwa kwenye breki. Hakuniuliza kitu. Akanipa mkononi akasema, "Weka mfukoni, rubani." Uko kwenye droo ya meza ninayoandikia hapa.

Kwa hiyo usiniambie unaelewa. Niambie mkono wako uko wapi ndege ikiwa kwenye noti 40.

*Mjomba, kwa nini safari ya alasiri inaahirishwa jua linawaka na hakuna hata wingu? Tumekaa uwanjani saa mbili. Mvua hakuna!*
*Mfanyabiashara wa Barabara ya 4*

Pole. Mvua si tatizo kubwa kama unavyodhani, na jua si rafiki kama unavyodhani. Asubuhi upepo wa umande unatoka bara, mpole, mwingi wake unakwisha kabla ya saa nne. Bara ikishapata moto, hewa inapanda, na bahari inaleta yake kujaza nafasi. Siku jua likiwa kali ndipo matlai, upepo wa mashariki, au kusi inapopata nguvu ya mchana, inafika kilele kati ya saa nane na saa kumi, saa uliyokata tiketi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa kwa wavuvi, hizo ni noti 21 na ushee, na kama zinatoka ubavuni mwa njia, zimeshapita zile 20 za Caravan niliyomtajia kijana hapo juu. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo. Mwenye haraka na achukue ndege ya asubuhi.

*Mimi ni mwanafunzi wa darasa la sita. Kama upepo unahama, kwa nini uwanja wa ndege usiwe duara ili ndege iruke upande wowote?*
*Mtoto wa Makorora*

Mwanangu, umefikiria vizuri. Zamani ndege zilipokuwa nyepesi, viwanja vingi vilikuwa mbuga tu ya nyasi, rubani anatazama upepo anaelekea huko. Ndege zilipokuwa nzito zikataka njia ngumu, na lami ni ghali, wakalazimika kuchagua mwelekeo.

Wanachagua kwa kuandika upepo kwa miaka, kisha wanalaza njia pale ambapo upepo wa ubavuni hautazidi kiasi kwa angalau asilimia 95 ya muda. Hicho ndicho kipimo cha shirika la kimataifa la usafiri wa anga. Kwa ndege zinazotosheka na njia fupi, chini ya mita 1,200, kiasi hicho ni noti 10; kwa zile zinazohitaji mita 1,500 kwenda juu ni noti 20. Penye pepo mbili zinazogombana wanajenga njia mbili zinazokatana au zinazopishana: Dar es Salaam ina 05/23, yaani nyuzi 50 ukienda huku na 230 ukienda kule, ile ndefu, na 14/32, ile fupi. Unguja wamebahatika, njia yao ni 18/36, imelala kusini-kaskazini, kwa hiyo kusi na kaskazi zote zinaingia karibu na mbele. Ikivuma matlai ndipo marubani wa Unguja nao wanapokunja uso.

Na duara lako limejaribiwa kweli. Jeshi la majini la Marekani liliwahi kurusha ndege kwenye njia ya mviringo miaka ya 1960, na watafiti wa Uholanzi walipiga hesabu ya uwanja mzima wa duara kwa ndege kubwa za abiria. Walipata kipenyo cha kilomita 3 na nusu. Chukua ramani ya Tanga, weka kipimo hicho juu yake, kisha niandikie nyumba za nani zihame.